Ukinunua pikipiki ya watu wawili, mwulize anayekaa nyuma

Mlio maktaba, Mungu awape subira. Mnaobeba maboksi usiku, awape mgongo imara. Leo naomba ukurasa huu niseme jambo lililokuwa likinikaa kooni muda mrefu. Ndani ya mwaka mmoja jamaa watatu wa hapa hapa chuoni wamenifuata kwa nyakati tofauti na swali lile lile: "Kaka, nataka pikipiki ya mtumba, ya mwendo na ya safari, nisafiri na mwenzangu. Ninunue ipi?" Kila mmoja alikuja na orodha yake. Injini ina cc ngapi, inakwenda spidi gani, ina rangi gani, mlio wake ukoje. Hakuna hata mmoja aliyekuja na huyo mwenzake.

Hoja yangu ni fupi na nitaisema mapema ili msije mkasema nimewazungusha: pikipiki ya watu wawili achague anayekaa nyuma. Asiulizwe maoni tu halafu akapuuzwa. Achague. Wewe dereva baki na haki ya kukagua injini na kulipa pesa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2022 nilipofaulu mtihani wa leseni kamili, nilikuwa na pauni 2,800 nilizozikusanya kwa zamu za wikiendi ghalani. Nikaenda mbio kununua pikipiki ya mashindano ya cc 600, nyekundu, inang'aa kama embe bivu. Jina lake nalihifadhi kwa sababu kosa halikuwa lake. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye haraka. Kiti cha nyuma kilikuwa kipande cha sponji kisichozidi daftari kwa ukubwa, kimeinuliwa juu ya tairi, na vikanyagio vya abiria vilikuwa juu kiasi kwamba magoti yanasogelea kifua. Mimi hayo yote sikuyaona. Nilikuwa naangalia mbele.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa ya msiba, kutoka hapa Leicester hadi Reading, ambako kama mnavyojua Wabongo ni wengi. Ni maili mia na ushee: unashuka na M1, unaingia A43, unachukua M40 kidogo, halafu A34 kupita Oxford hadi M4. Kwa treni unapitia London, na nauli ya watu wawili ukiikata siku hiyo hiyo inauma. Nikaona pikipiki ndiyo mkombozi.

Tulipofika kituo cha mapumziko cha Northampton, maili zisizofika 40 kutoka nyumbani, shemeji yenu alishindwa kushuka. Mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi. Tukapumzika, tukanywa chai, tukaendelea. Kule A43 kuna mizunguko kila baada ya mwendo mfupi, na kila nilipobana breki alikuwa anateleza kunijia mgongoni, kwa sababu kile kiti kimeinama mbele na hakina hata sehemu ya kushika. Karibu na Towcester gari la mbele likasimama ghafla. Nikabana. Uzito wake wote ukaja juu yangu, mikono yangu ikakakamaa kwenye usukani, gurudumu la mbele likakata kushoto na pikipiki ikalala upande. Nikaizuia kwa mguu, sijui kwa nguvu za nani. Lori lililokuwa nyuma yetu lilisimama karibu kiasi cha kuweza kuligusa.

Hatukuanguka. Tukafika Reading, tukazika, tukala ubwabwa wa msiba. Jioni shemeji yenu akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, mbele ya watu ili nisipate nafasi ya kubisha: "Wewe ulikuwa unaendesha. Mimi nilikuwa mzigo." Akarudi kwa treni, akajilipia mwenyewe. Nami nikarudi peke yangu na lile neno, maili mia na ushee.

Jamani, neno hilo tulichunguze. Sisi tumekulia kwenye utamaduni wa abiria kuwa mzigo. Bodaboda zimetuokoa sana, sizisemi vibaya. Wangapi tumewahi mtihani au hospitali kwa sababu yake? Lakini pale kijiweni abiria ni nauli. Haulizwi kama amekaa vizuri. Akiongezeka wa pili na wa tatu inakuwa mshikaki, na mishikaki mwisho wake tunaujua. Kofia ya kujikinga ipo moja, amevaa dereva au imening'inia kwenye usukani. Shemeji yenu ni mtu wa Tanga, na kwenye ndama ya mguu wa kulia ana alama ya ekzosi aliyoipata mwaka 2013, alipoambiwa ashuke haraka upande usiostahili. Najua wengi wenu mnaosoma hapa mna alama kama hiyo, au dada zenu wanayo. Ile alama ni cheti cha watu waliobebwa bila kuulizwa.

Sasa tumekuja majuu, tuna barabara nzuri na sheria kali, lakini akili tumebeba ile ile. Tofauti tu ni kwamba spidi imepanda. Hapa Uingereza waendesha pikipiki na abiria wao ni sehemu ndogo sana ya watu walio barabarani, kama asilimia 1 ya mwendo wote wa magari, lakini ni karibu moja ya tano ya wanaokufa. Anayekaa nyuma hana usukani, hana breki, haoni kinachokuja mbele. Kitu pekee anachoweza kufanya kwa ajili ya usalama wake ni uamuzi alioufanya kabla hajapanda. Ukimnyang'anya na huo, umembakizia nini?

Kabla sijaingia kwenye uchaguzi wenyewe, tuwekane sawa kuhusu sheria, maana nimesikia mambo ya ajabu. Wale mliofanya yale mafunzo ya siku moja na mnatembea na pikipiki ya cc 125 yenye alama nyekundu ya L, hamruhusiwi kubeba abiria hata kama ni mke wa ndoa, na motowei hamruhusiwi. Abiria anabebwa na mwenye leseni kamili. Sheria ya barabarani ya mwaka 1988, kifungu cha 23, inasema abiria ni mmoja tu, akae kwa kupanua miguu huku na huku, kwenye kiti halisi kilichofungwa nyuma ya dereva. Kwa hiyo ule ukaaji wetu wa upande upande, miguu yote kushoto na mkoba mapajani, hapa ni kosa la kisheria. Dada zangu mnaovaa baibui, hili linawahusu moja kwa moja, na si suala la sheria tu. Nguo ndefu na cheni inayozunguka ni maadui wa siku nyingi. Shemeji yenu anavaa suruali ya pikipiki na koti refu lake, kitambaa chepesi kinachobana kichwa chini ya helmeti, na baibui linasafiri kwenye sanduku la pembeni. Akifika analivaa. Heshima imebaki pale pale na ngozi iko salama.

Haya, tuje kwenye pikipiki. Ninaposema pikipiki ya mwendo na safari, namaanisha ile iliyo katikati. Si ile ya mashindano inayokulaza juu ya tangi, na si lile meli la Kimarekani lenye redio na viti vya sebuleni. Ina injini ya kutosha kupita lori motowei mkiwa wawili, ina kioo cha kukata upepo, ina nafasi ya masanduku, na bado inakata kona vizuri. Uzuri wake kwa mwanafunzi ni kwamba vijana hawazitamani sana, kwa hiyo za mtumba bei yake ni ya kibinadamu, na wengi waliozimiliki ni wazee waliozitunza.

Baada ya kuuza ile nyekundu kwa hasara ya pauni 500, na baada ya miezi kadhaa ya kununiana na kubembelezana, tulikubaliana hivi: mimi natafuta tangazo na kukagua mashine, yeye ana kura ya turufu. Tukabuni mtihani tukauita robo saa. Mnakwenda wote wawili mmevaa nguo zenu zote za safari, helmeti kichwani. Injini imezimwa. Mimi nakaa mbele na kushikilia pikipiki wima, yeye anapanda nyuma, halafu tunakaa hivyo hivyo dakika 15 kwenye uwanja wa muuzaji. Wauzaji wengi hucheka. Waacheni wacheke.

Katika robo saa hiyo mnajua mengi kuliko utakayosoma kwenye matangazo kumi. Kwanza kupanda na kushuka: je, anaweza kufanya hivyo bila kukuangusha, na masanduku yakiwa yamefungwa pembeni? Wengi hujaribu pikipiki bila masanduku, halafu siku ya safari mguu haupiti. Pili ni goti. Likikunjwa sana dakika ya tano anaanza kujisogezasogeza, na anayejisogezasogeza kwenye kona ya maili 60 kwa saa anaihamisha pikipiki nzima. Tatu ni mikono: kuna vishikio imara pembeni au nyuma, au anategemea kukukumbatia tu? Kukumbatiana ni kuzuri kwenye picha, lakini wakati wa breki anahitaji kitu cha chuma. Nne ni mgongo. Boksi la nyuma lenye mto wa kuegemea linabadilisha maisha ya abiria, kwa sababu ukiongeza mafuta ghafla hana hofu ya kubaki barabarani. Tano ni helmeti zenu: zinagongana ukiinama kidogo? Na sita, ambayo shemeji yenu aliiweka ya kwanza, ekzosi iko wapi?

Tulizunguka mashine tano, na nawapa matokeo bila kuficha.

Ya kwanza ilikuwa Honda VFR800, ile ya kuanzia mwaka 2002. Injini ya silinda nne zilizopangwa kama herufi V, cc 782, sifa zake mnazijua wapenzi. Inapofika mizunguko kama 7,000 kwa dakika valvu nyingine zinaingia kazini na mlio unabadilika, hapo mimi roho kwatu. Lakini ekzosi zake mbili zinapita chini ya kiti cha nyuma. Shemeji yenu alikaa dakika tatu akauliza, "Mbona hapa pana joto na imezimwa?" Kumbe muuzaji alikuwa ameiwasha na kuipasha moto kabla hatujafika. Mwenye kupasha injini kabla ya mnunuzi mara nyingi anaficha tabu ya kuwaka asubuhi. Yaani abiria ndiye aliyegundua ujanja, mimi nilikuwa nasikiliza sauti. Isitoshe VFR za miaka hiyo zinajulikana kwa ugonjwa wa kifaa kinachodhibiti chaji ya betri, na kurekebisha valvu zake ni kazi ya gharama.

Ya pili Triumph Sprint ST 1050, iliyotoka mwaka 2005. Triumph wenyewe wako Hinckley, mwendo mfupi tu kutoka hapa Leicester, kwa hiyo moyo ulikuwa unavutwa kama kuvaa jezi ya timu ya mtaani. Silinda tatu, inavuta vizuri tangu chini. Nayo pia ekzosi iko chini ya kiti. Kura ya turufu ikapigwa kabla ya dakika ya kwanza.

Ya tatu Yamaha FJR1300. Hii bwana ni mashine. Injini cc 1,298, tangi la lita 25, na badala ya cheni ina shafti, kwa hiyo hakuna kupaka mafuta cheni kwenye baridi. Shemeji yenu alikaa akasema, "Hapa naweza kulala." Tatizo lilikuwa mimi. Ikijaa mafuta ina uzito wa karibu kilo 290, na uwanja wa yule mzee ulikuwa una mteremko. Nilishindwa kuirudisha nyuma hata inchi. Robo saa inapima watu wote wawili. Kama dereva hawezi kuimudu ikiwa imesimama, abiria hayuko salama ikitembea polepole. Na bima waliyonitajia kwa leseni changa kama yangu ilikuwa inakaribia bei ya pikipiki.

Ya nne Honda Deauville, ile ya cc 647. Matarishi wa mjini waliipenda kwa sababu haifi. Ina shafti, masanduku yake yameungana na mwili, kiti cha nyuma kipana kama cha daladala. Kama safari zenu ni za mjini na vitongoji, chukueni hii wala msisome zaidi. Lakini watu wawili na mizigo, mlima wa motowei, upepo wa mbele, halafu upite lori: pale inahema. Nguvu kwa abiria si sifa, ni njia ya kutokea kwenye hatari.

Ya tano ilikuwa Honda CBF1000 ya mwaka 2008. Haina sura. Ukiiegesha nje ya maktaba hakuna atakayegeuka, na kweli jamaa zangu wameshaibatiza pikipiki ya babu. Injini yake ya cc 998 ina ukoo na zile za mashindano za Honda, ila imetulizwa ili ivute kuanzia chini. Kiti cha dereva kinapanda na kushuka, ekzosi ziko pembeni chini, vishikio vya abiria ni imara, breki zina ABS. Muuzaji alikuwa mzee wa Kihindi, hapa hapa Leicester. Aliposikia tunanong'onezana akauliza, "Mnatoka Tanzania au Kenya?" kwa Kiswahili kilichonyooka. Kumbe ni mzaliwa wa Jinja, aliondoka Uganda mwaka 1972 akiwa kijana, kama familia nyingi za mji huu. Tulipomwambia habari ya robo saa hakucheka. Alimwambia shemeji yenu, "Kaa binti, kaa sana. Mama wa hapa nyumbani amekaa hapo miaka kumi na moja, sasa magoti yamekataa." Akatuletea chai. Robo saa ikawa saa nzima. Mke wake akatoka nje na kumwonyesha shemeji yenu jinsi ya kuegemea boksi, mahali pa kuweka mikono wakati wa breki, na kwamba kwenye kona aangalie juu ya bega la ndani la dereva. Mimi hakuna aliyenifundisha kitu. Tukailipia pauni 2,300.

Kazi yangu ya ukaguzi niliifanya, na hii nawapa bure. Mwambie muuzaji kwa simu asiiwashe kabla hujafika, na ukifika gusa injini kwa mkono. Historia ya ukaguzi wa kila mwaka, ule wa MOT, inapatikana bure kwenye tovuti ya serikali ukiwa na namba ya usajili tu. Utaona maili kila mwaka na kasoro zilizoandikwa, na maili zikirudi nyuma, kimbia. Linganisha namba ya fremu na ile ya kadi. Lipia uchunguzi wa kujua kama ina deni au imeibwa. Tairi lina namba nne za tarehe ubavuni: 1419 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa gumu kwa uzee, na mkiwa wawili kwenye mvua hilo ni barafu. Angalia mafuta yasivuje kwenye miguu ya mbele, zungusha gurudumu uone kama cheni inakaza sehemu moja na kulegea nyingine, inua mbele usikie kama usukani unakwama katikati. Walio London waangalie na ile tozo ya hewa chafu, ambayo tangu Agosti 29, 2023 imeenea mitaa yote ya jiji: kwa ujumla pikipiki iliyosajiliwa kabla ya Julai 2007 hulipa pauni 12.50 kwa siku, kwa hiyo ya bei rahisi inaweza kuwa ghali.

Halafu kuna hesabu ya uzito ambayo watu hawaifanyi. Mimi kilo 82, yeye 64, nguo na helmeti zetu 18, masanduku na vilivyomo 20. Jumla 184. Kitabu cha mwenye pikipiki kinataja mzigo wa juu kabisa, na binadamu wote wawili wamo ndani ya hesabu hiyo. Kinakwambia pia ukaze springi ya shokomzoba ya nyuma kiasi gani na ujaze upepo kiasi gani. Yetu ni 36 mbele na 42 nyuma. Usipokaza, nyuma inazama, taa inaangaza miti, na usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto.

Na pesa? Nilikuwa nimepanga jumla ya pauni 3,500. Ya kwanza kutengwa ilikuwa 450 ya mavazi ya abiria: helmeti mpya, koti, suruali, glavu, viatu. Helmeti ya mtumba msinunue kamwe, hamjui imeanguka mara ngapi. Za madukani zinapimwa nyota na mpango wa serikali uitwao SHARP. Tairi mbili mpya 260. Bima na madogo madogo 490, na wakati wa kukata bima sema wazi kwamba utabeba abiria. Kilichobaki, 2,300, ndicho kikawa bei ya pikipiki. Wengi wetu tunapiga hesabu hii kinyume. Tunamaliza pesa kwenye injini, kisha abiria anapewa koti la jinzi na helmeti ya kuazima. Dereva kavaa kama mwanajeshi, abiria kama anakwenda sokoni. Barabara haijui nani alikuwa mbele.

Najua majibu mnayo. Wa kwanza atasema, "Nunua gari, yaishe." Sawa kabisa. Kama mna mtoto, au baridi ya Januari mnaiogopa, nunueni gari na Mungu awabariki. Sijaandika kumlazimisha mtu pikipiki. Wa pili atasema abiria hajui mambo ya pikipiki. Hajui torki, kweli. Lakini anajua goti lake, mgongo wake na woga wake, na hayo hakuna gazeti la pikipiki litakalokuandikia. Wa tatu, na huyu ndiye ninayemwogopa, atasema, "Mimi ndiye ninayelipa." Kaka, unalipa pauni. Mwenzako pale nyuma anaweka maisha yake mikononi mwako. Nani kaweka zaidi?

Jambo la mwisho. Siku tuliyoichukua ile CBF tuliwekeana mkataba. Pigo moja begani: punguza. Mapigo mawili: simama mahali pa kwanza palipo salama, bila maswali na bila kununa. Safari ya kwanza ilikuwa tena Reading, safari hii harusi. Tulipita Northampton bila kusimama, tukapita Towcester, ule mzunguko nikaupita kama mtu anayepita makaburi. Mbele kidogo, kabla ya kuikuta M40, nikasikia begani: pa, pa. Nikaona sehemu ya kuegesha, nikaingia, nikazima injini, moyo unadunda. Nikavua helmeti.

"Nini? Mguu? Joto?"

"Hakuna kitu," akasema. "Nilitaka kujua tu kama utasimama."

Akanywa maji, akafunga helmeti, akapanda mwenyewe. Tukaenda.

Kwa hiyo wale ndugu zangu watatu, jibu langu ni hili: leteni wenzenu, tukae nao robo saa. Wakichagua ya babu, nunueni ya babu. Naomba kutoa hoja.